Usiuzoee Uchovu Huo

Wewe uliyewahi kuchomwa sindano za interferoni kwa ajili ya homa ya ini, au unayechomwa sasa, makala haya ni yako. Ni ya mumeo au mkeo pia, ya binti anayekusindikiza kliniki, na ya muuguzi anayekupokea mlangoni. Umechoka. Unaamka umechoka kabla hujafanya lolote. Nywele zinabaki kwenye kitana. Moyo unakwenda mbio nawe umekaa tu, au siku hizi unatafuta sweta wakati wenzako wanajipepea. Ulipolalamika ulijibiwa kwamba dawa hiyo ndivyo ilivyo, vumilia. Ukavumilia, na watu wakakusifu kwa subira yako.

Nakuomba hili moja usilivumilie. Kuna kipimo cha damu kiitwacho TSH. Kinaweza kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya uchovu huo haitoki kwenye ini, inatoka kwenye tezi ndogo ya shingoni ambayo dawa imeiyumbisha. Tezi hiyo ina tiba. Ni tiba ya siku nyingi, si ya gharama kubwa, na mara nyingi ni kidonge kimoja kwa siku. Mtu kubeba mzigo unaoweza kutuliwa, kwa sababu tu hakuna aliyeuliza swali, ni jambo linaloniuma, na ndilo lililonifanya niandike.

Tezi yenyewe inaitwa thairoidi. Imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Wengi wetu tuliijua kwa sababu ya rovu: wazee wa nyanda za juu, ambako udongo una upungufu wa madini joto, waliwaona jirani zao wakivimba shingo mpaka chumvi yenye madini hayo ilipoenea madukani. Ndiyo maana hata leo mtu akitajiwa tezi hupeleka mkono shingoni, na akikuta hapajavimba hushusha pumzi. Usishushe pumzi bado. Tezi inaweza kuharibika kazi yake bila shingo kuongezeka hata kidogo.

Kazi yake ni kupanga kasi ya mwili. Ichukulie kama utambi wa taa ya chemli. Ukipandishwa mno, taa inafuka moshi na kumaliza mafuta: moyo unadunda, mikono inatetemeka, uzito unapungua ingawa unakula, usingizi haupatikani, hasira ziko karibu. Ukishushwa mno, chumba kizima kinafifia: baridi isiyoisha, choo kigumu, ngozi kavu, sauti nzito, uso uliovimba asubuhi, hedhi iliyovurugika, na akili inayokwenda polepole hata unasimama katikati ya chumba usikumbuke ulifuata nini.

Sasa tuone interferoni inaingiaje hapo. Mwaka 1957, jijini London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua kwamba seli iliyovamiwa na virusi hutoa protini, ndiyo interferoni, inayozisaidia seli nyingine kuvizuia virusi hivyo. Mwili wako unaitengeneza kila unapopata mafua. Maumivu ya viungo na ule unyonge wa kutotaka kunyanyuka kitandani kwa kiasi fulani ni kazi yake. Baadaye maabara zilijifunza kuitengeneza kwa wingi. Mwaka 1986 Jay Hoofnagle na wenzake nchini Marekani walitangaza kwamba wagonjwa wachache wa homa ya ini ya muda mrefu, ile ambayo wakati huo ilijulikana tu kuwa si A wala si B, ini lao lilitulia walipopewa interferoni. Kirusi chenyewe cha aina ya C kilitambuliwa mwaka 1989. Mwaka 1991 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa homa ya ini C, na muda mfupi baadaye kwa B. Mwaka 1998 ikaongezwa dawa ya kumeza, ribavirini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja interferoni inayokaa mwilini muda mrefu zaidi, hivyo sindano tatu kwa wiki zikawa moja. Matibabu yalichukua wiki 24 au 48.

Sitaki kuisema vibaya dawa hii. Iliwaponya watu wengi ambao bila hiyo wangefikia ini kujaa makovu au saratani. Wenye kirusi C cha kundi la kwanza walipona karibu nusu yao. Wenye kundi la pili na la tatu walipona zaidi. Lakini ni dawa inayofanya kazi kwa kuamsha jeshi lote la kinga, na jeshi lililoamshwa lote halichagui vizuri adui. Kwa baadhi ya watu linaigeukia thairoidi. Yaron Tomer, daktari wa homoni wa New York ambaye ameitafiti hali hii kwa miaka mingi, ameonyesha pamoja na wenzake kwamba njia ni mbili: kinga inaweza kuishambulia tezi kwa kutengeneza kingamwili dhidi yake, au interferoni yenyewe inaweza kuziumiza seli za tezi moja kwa moja. Katika tafiti zilizokusanywa, hadi wagonjwa 40 kati ya 100 wa homa ya ini C waliotibiwa kwa interferoni walikutwa na kingamwili dhidi ya tezi, na hadi 15 kati ya 100 waliugua tezi yenyewe.

Isome tena hiyo ya mwisho. Katika chumba cha kusubiri chenye watu ishirini wanaotumia dawa hiyo, wawili au watatu wanaweza kuwa na tezi inayoumwa. Huenda mmoja wao ni wewe. Na wewe ukiwa mwanamke hatari inaongezeka, vilevile ikiwa kingamwili hizo zilikuwapo kwenye damu yako kabla ya sindano ya kwanza.

Kwa nini basi watu wengi hupitwa? Kwa sababu tezi hujificha nyuma ya dawa. Kila mgonjwa wa interferoni ameonywa mapema: utachoka, utapungua uzito, nywele zitakatika, utakosa usingizi, utakuwa na huzuni. Tezi inapoanza kuumwa inaleta mambo yaleyale. Mgonjwa anaposema amechoka, daktari anasikia kile alichokitarajia, naye mgonjwa anasikia kile alichoonywa. Wote wawili wanakubaliana, na wote wawili wanaweza kuwa wamekosea. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Ila kuna mtu anayezidi kudhoofu.

Aina moja ya ugonjwa huu ni ya hila kuliko nyingine, na nataka uielewe vizuri. Tezi iliyojeruhiwa huvujisha homoni zote ilizokuwa imezihifadhi. Kwa wiki kadhaa mtu anakuwa na moyo wa mbio, jasho, mikono inayotetemeka na kukosa subira hata kwa watoto wake. Kisha akiba inaisha, na tezi iliyoumia haiwezi kujaza pengo haraka. Mtu yuleyule aliyekuwa halali sasa haamki. Aliyekuwa akipungua anaanza kunenepa. Nyumbani wanasema amebadilika, na yeye mwenyewe anaanza kuamini kwamba tatizo ni tabia yake. Kwa wengi tezi hupona baada ya miezi kadhaa. Kwa baadhi hubaki dhaifu moja kwa moja. Ukipimwa wakati wa mbio unapata jibu moja, ukipimwa wakati wa kudorora unapata jibu la kinyume chake, na ukipimwa katikati, tezi ikiwa inapita kutoka upande mmoja kwenda mwingine, unaweza hata kuambiwa uko sawa. Kwa hiyo kipimo kimoja kizuri cha mwezi wa pili hakikuhakikishii lolote kuhusu mwezi wa sita. Ukibadilika, pimwa tena.

Tena usikubali dawa ya tezi ya jirani. Jirani aliyepewa kabimazoli alikuwa na ugonjwa wa tezi inayotengeneza homoni kupita kiasi. Tezi inayovuja haitengenezi kupita kiasi, inamwaga ilichonacho, na kabimazoli haizibi uvujaji huo. Hapo madaktari hutuliza moyo kwa dawa kama propranololi na kusubiri huku wakipima. Tofauti kati ya hali hizo mbili huonekana kwa vipimo vya kingamwili na, panapowezekana, picha maalumu ya tezi. Ni kazi ya daktari, na una haki ya kumwomba aifanye.

Nitakupeleka sasa Ayalandi, kwa sababu kuna wanawake kule ambao kila mgonjwa aliyechoka anapaswa kuwajua.

Mama mwenye damu ya kundi hasi akizaa mtoto mwenye damu chanya, huchomwa sindano iitwayo anti-D ili mimba inayofuata isidhurike. Sindano hiyo hutumika hata kwetu. Nchini Ayalandi, kuanzia mwaka 1977, baadhi ya sindano hizo zilitengenezwa kwa plazma ya mtu aliyekuwa na homa ya ini, na wanawake wakaambukizwa kirusi C wakiwa wodi ya wazazi na mtoto mchanga ubavuni. Hakuna aliyewaambia. Mwezi Februari mwaka 1994 jambo likawekwa hadharani, na wanawake waliowahi kuchomwa sindano hiyo wakaitwa wapimwe. Walipimwa 62,667. Wanawake 704 walikuwa na dalili za maambukizi ya zamani au ya wakati ule, na 390 kati yao bado walikuwa na kirusi kwenye damu.

Madaktari walipowachunguza, kwa wastani miaka 17 ilikuwa imepita tangu wachomwe. Kilichoongoza katika malalamiko yao kilikuwa uchovu: wanawake wawili kati ya kila watatu waliutaja. Miaka 17. Katika miaka hiyo walikuwa wakilea, wakipika, wakienda kazini. Ni nani angemsikiliza mama wa watoto wadogo akisema amechoka? Mama gani wa watoto wadogo hajachoka? Uchovu wao ulikuwa na jibu rahisi lililokwisha kuandaliwa, kama vile wako ulivyo na jibu la "ni dawa tu", na jibu rahisi ndilo lililowafanya wasisikilizwe.

Lakini walipojua, hawakunyamaza. Mwaka huohuo wa 1994 waliunda chama chao, Positive Action. Walikutana, wakalinganisha dalili, wakagundua kwamba kile kila mmoja alichodhani ni udhaifu wake mwenyewe, wenzake walikuwa nacho pia. Brigid McCole, mama wa watoto 12 kutoka Donegal, aliyeambukizwa mwaka 1977, aliishtaki serikali na shirika la damu. Aliomba atumie jina la kubuni ili kulinda faragha yake, mahakama ikakataa, akaendelea na kesi kwa jina lake halisi huku ini lake likishindwa. Shirika la damu lilikiri kosa siku chache kabla ya kifo chake, tarehe 2 Oktoba 1996. Mwaka huohuo ilitungwa sheria iliyowapa walioambukizwa haki ya huduma za afya bila malipo, dawa zikiwemo. Huduma hizo zilipatikana kwa sababu wanawake waliochoka walikataa kuitwa wanawake waliochoka tu.

Baadhi yao walitibiwa kwa interferoni, na hapo wakaingia katika kundi lile ambalo tezi yake iko hatarini zaidi: wanawake, wenye kirusi C, walio kwenye sindano. Kirusi chenyewe, hata kabla ya dawa, kimehusishwa na kingamwili dhidi ya tezi. Fikiria mama wa namna hiyo. Uchovu wa kwanza ulikuwa wa kirusi, nao haukusikilizwa. Uchovu wa pili ukaja na sindano. Kama na wa tatu, ule wa tezi, nao ungepita bila kupimwa, angekuwa amenyimwa mara tatu.

Uingereza nayo ina historia yake. Zaidi ya watu 30,000 waliambukizwa VVU, homa ya ini au vyote viwili kupitia damu na bidhaa za damu kati ya miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1990, wengi wao wagonjwa wa hemofilia na watu waliokuwa wameongezewa damu. Tume iliyoongozwa na Jaji Brian Langstaff ilitoa ripoti yake tarehe 20 Mei 2024. Kati ya mambo ambayo waathirika walitaka yasikike ni jinsi interferoni ilivyowatesa, mwili na akili. Waliambiwa kwa miaka mingi kwamba hayo ni ya kupita. Waliyasema mbele ya jaji, na yakaandikwa.

Wewe huhitaji jaji. Unahitaji fomu ya maabara.

Basi sikiliza namna ya kuipata. Kama hujaanza sindano, omba TSH ipimwe kabla ya siku ya kwanza, na ikiwezekana kingamwili za tezi pia. Zikikutwa, si sababu ya kunyimwa matibabu, ni sababu ya kukuangalia kwa karibu zaidi. Kama tayari una ugonjwa wa tezi, lazima kwanza utulizwe kwa dawa ndipo sindano zianze. Ukiwa katikati ya matibabu, mwongozo wa dawa yenyewe unataka TSH irudiwe kila baada ya wiki 12. Hivyo unapouliza humsumbui mtu, unamkumbusha jambo ambalo tayari limeandikwa. Na ukiwa umemaliza, usidhani habari imeisha: tezi inaweza kuyumba hata miezi baada ya sindano ya mwisho, na ile iliyoyumba wakati wa matibabu inaweza kubaki hivyo miaka.

Maneno ya kusema ni machache. "Daktari, nilitibiwa homa ya ini kwa interferoni. Nina dalili hizi. Naomba TSH, na kama haiko sawa, T4 pia." Sema hivyo ukiwa umekaa wima. Akikuambia uchovu ni wa kawaida kwa dawa hii, mkubalie kwamba inawezekana, halafu rudia ombi lako kwa heshima ileile. Kukubali kwamba dawa inachosha hakuzuii kupima kama tezi nayo inachosha.

Majibu yakija, usiyasome kinyume, kama wengi wanavyofanya. T4 ni homoni ya thairoidi yenyewe, lakini TSH haitoki kwenye tezi hiyo ya shingo, inatoka kwenye tezi nyingine chini ya ubongo, na ni amri ya kuihimiza thairoidi ifanye kazi. Thairoidi ikilegea, amri inapigwa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo TSH iliyopanda ina maana homoni zako zimepungua. TSH iliyoshuka karibu na sifuri ina maana homoni zimezidi na ubongo umeacha kuamuru. Maabara nyingi huhesabu kati ya 0.4 na 4 kuwa ni kawaida, ingawa kila maabara huandika mipaka yake pembeni mwa jibu.

Kuna jambo moja dogo ambalo limewapoteza wagonjwa wengi na hata madaktari. Nywele zikikatika, watu hukimbilia vidonge vya bayotini vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha. Bayotini nyingi kwenye damu huvuruga baadhi ya mashine za kupimia homoni, hata jibu likaonyesha tezi inayokimbia wakati tezi haina neno, au likaficha tezi iliyolegea. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu hilo. Mwambie mtu wa maabara kama unameza bayotini, naye atakuambia uiache kwa siku ngapi kabla ya kutoa damu.

Najua kitu kingine kinachokuzuia. Unaogopa kwamba tezi ikikutwa na ugonjwa utasimamishwa sindano, na ini lako libaki bila mlinzi. Hofu hiyo ni ya kweli, na nimeona inawafanya watu wafiche dalili. Nikuambie basi: kwa wagonjwa wengi matibabu ya ini hayasimamishwi kwa sababu ya tezi. Tezi iliyolegea hupewa levothairoksini na sindano zinaendelea. Tezi inayokimbia vikali inaweza kuhitaji uamuzi mzito zaidi, na daktari wa ini na daktari wa homoni wanapaswa kuzungumza pamoja kabla ya kuamua. Hatari kubwa iko kwa anayeficha dalili, kisha siku moja anashindwa kabisa na kuacha sindano mwenyewe bila kumwambia mtu. Usiache dozi kwa uamuzi wako. Sema, upimwe, uendelee.

Levothairoksini ni homoni ileile ambayo tezi ingetengeneza. Humezwa asubuhi kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, kahawa au uji. Vidonge vya madini ya chuma na vya chokaa huwekewa nafasi ya saa nne, la sivyo huizuia isiingie mwilini. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo huanzishwa kwa dozi ndogo. Baada ya wiki sita hadi nane hupimwa tena ili dozi irekebishwe. Hapa ndipo nakuomba subira, na hii ni subira yenye maana: nguvu hairudi siku ya tatu. Inarudi kwa wiki, kidogo kidogo. Kwanza unaacha kusikia baridi. Kisha choo kinalainika. Kisha unajikuta umefua nguo zote hadi mwisho bila kuketi. Usikate tamaa kwenye wiki ya pili ukisema dawa haifanyi kazi, kwa sababu haijamaliza kujaza pengo.

Kwa mama anayetaka kushika mimba baada ya matibabu, neno la ziada. Kama ulimeza ribavirini, kuna miezi ya kusubiri ambayo daktari amekutajia, iheshimu. Na kabla ya mimba yenyewe, TSH ipimwe, kwa sababu katika miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto hutegemea homoni za tezi ya mama yake.

Halafu kuna huzuni. Interferoni yenyewe inaweza kuleta sonona kali. Tezi iliyolegea nayo huleta hali inayofanana nayo sana. Mtu anaweza kuwa na zote mbili. Usikubali moja ikatumiwa kuifuta nyingine: tezi ipimwe, na moyo wako usikilizwe. Na kama mawazo yamefika mahali pa kutotaka kuishi, hilo halisubiri tarehe ya kliniki. Mwambie mtu wa nyumbani na ufike hospitali siku hiyohiyo.

Huenda unajiuliza kama haya bado yana uzito, maana zama zimebadilika. Zimebadilika kweli, na ni habari ya kufurahisha. Mwishoni mwa 2013 dawa ya sofosbuviri iliidhinishwa Marekani, na siku hizi homa ya ini C inatibiwa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, na zaidi ya watu 95 kati ya 100 hupona bila sindano hata moja ya interferoni. Misri ndiyo inayonipa moyo kuliko nchi yoyote. Kampeni za miaka mingi za kutibu kichocho kwa sindano zilizotumika tena na tena zilisambaza kirusi C hadi utafiti wa 2008 ukakuta kingamwili zake kwa karibu watu 15 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 59. Wamisri wengi sana walipitia interferoni. Kisha mwaka 2014 nchi ilijadiliana bei, na dozi kamili ya sofosbuviri iliyouzwa Marekani dola 84,000 ikapatikana Misri kwa dola 900. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 walipimwa makumi ya mamilioni ya watu, na Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua Misri kuwa iko kwenye njia ya kutokomeza ugonjwa huo.

Lakini waliopona kwa sindano wangali hai, na tezi zao wanazo. Huenda wewe ulitibiwa Muscat, London au Toronto miaka hiyo, ini likapona, ukarudi nyumbani. Faili lako halikurudi nawe. Daktari wa Tanga au Mombasa anayekuona leo hajui kama uliwahi kuchomwa interferoni, na hawezi kukisia. Lazima umwambie wewe.

Wenye homa ya ini B, ambao ndio wengi zaidi katika eneo letu, mara nyingi hupewa tenofoviri, kidonge cha kila siku ambacho hakina tatizo hili la tezi. Haya yasikutishe basi ukaogopa kupima B. Mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na kirusi hicho, na wengi hawakujua. Ila wapo wachache wenye B wanaopewa interferoni kwa wiki 48, na wapo wenye homa ya ini D, kirusi kinachompata tu mtu mwenye B, ambao kwao interferoni bado ni moja ya dawa chache zilizopo. Hao haya yote yanawahusu leo, wiki hii.

Nanyi mliomzunguka mgonjwa, msikae pembeni. Mara nyingi mke ndiye anayeona kwanza kwamba sauti ya mumewe imekuwa nzito, au kijana anaona mikono ya mama yake inatetemeka akimimina chai. Yasemeni hayo mbele ya daktari, maana mgonjwa mwenyewe ameshayazoea. Muuguzi mpendwa, wewe unamwona mtu huyu mara nyingi kuliko daktari. Ukimpima uzito na mapigo ya moyo, linganisha na mara iliyopita, na ukiona mabadiliko, pendekeza TSH kabla hajaondoka.

Leo usiku chukua karatasi. Andika jina la dawa uliyochomwa, mwezi ulioanza na mwezi uliomaliza, mahali ulipotibiwa, na dawa nyingine zote unazomeza, hata zile za nywele. Chini yake andika kilichobadilika mwilini tangu wakati huo, kwa maneno yako, na mwisho kabisa andika herufi tatu: TSH. Kesho fika mapema kituoni, na zamu yako ikifika, mpe daktari karatasi hiyo aisome kabla hajaanza kuandika.